Adhabu ya Mtoto na Mwisho Wake

Katika mwaka wa 1693 kilitolewa London kitabu kidogo juu ya malezi ya watoto, nacho kilitungwa na John Locke, tabibu na mwanafalsafa ambaye hakuoa wala hakupata mtoto. Kitabu hicho kilitokana na barua alizomwandikia rafiki yake Edward Clarke, bwana mwenye mashamba aliyetaka shauri la kumlea mwanawe. Miongoni mwa mambo mengi yaliyomo, ya chakula na viatu na usingizi na kujifunza Kilatini, mna kisa kifupi cha mama mmoja ambaye Locke alimjua, na ambaye anamsifu kuwa mtu wa busara na huruma. Mama huyo alikuwa na binti mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza arudi nyumbani kutoka kwa yaya wake. Asubuhi moja mtoto aliamrishwa jambo akakataa. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, wala halikuwa na uzito wowote. Mama akamchapa, mtoto akashikilia ukaidi wake. Akamchapa tena, na tena, hata ikafika mara nane asubuhi ile ile, ndipo mtoto alipolegea akatii. Locke anasema kwamba lau mama angaliachia mara ya saba, mtoto angaliharibika milele, kwa kuwa angalijifunza kwamba ukaidi hushinda.

Wasomaji wengi wa kisa hiki husahau kuwa Locke alikuwa adui wa fimbo. Katika kitabu hicho hicho alifundisha kwamba mtoto aliyelelewa kwa mapigo huwa na moyo wa mtumwa. Hutii maadamu fimbo iko juu yake, na ikiondoka hurudia yale yale. Hakutaka mtoto apigwe kwa kushindwa masomo, wala kwa utoto wake. Hata alipokubali adhabu ya mwili, alishauri kwamba kama yumo nyumbani mtumishi mwenye busara, yeye ndiye apige, mzazi akiwa amesimama hapo na kuamuru, ili amri ibaki kuwa ya mzazi na uchungu utoke mkononi mwa mwingine. (Jinsi mtumishi huyo alivyotazamwa na mtoto siku ya pili, Locke hakusema.) Lakini alitoa kosa moja katika rehema hiyo, nalo ni ukaidi. Mtoto anayempinga mkubwa waziwazi ni lazima ashindwe, na mkubwa akiisha kuanza hana ruhusa ya kuacha kabla hajashinda.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo vitabu vya malezi havikuliuliza sana, ingawa wazazi na walimu hukutana nalo kila siku: adhabu ikiisha kuanzwa, huisha lini? Kwamba mkubwa asitishe kwa maneno tu, kila mtu hukubali. Mama anayesema asubuhi kwamba leo hapana kwenda kucheza, kisha jioni akasahau, humfundisha mwanawe kuwa neno la mama ni upepo. Watu wa pwani husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo humkataza mzazi kuogopa machozi. Lakini haisemi machozi yawe mangapi, wala haisemi nani atakayejua kwamba sasa yametosha. Katika kisa cha Locke aliyejua ni mtoto mwenyewe, kwa kuwa adhabu ilikwisha alipotii. Angalikuwa na roho ngumu zaidi, mara ya nane ingalifuatwa na ya tisa.

Fikira hiyo ya kuvunja utashi wa mtoto ilienea sana katika Uingereza ya karne ya kumi na nane. Bibi Susanna Wesley, mama yake John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, alimwandikia mwanawe barua mwaka 1732 kueleza jinsi alivyowalea watoto wake wengi, na neno la kwanza la malezi kwake lilikuwa hilo hilo, kwamba utashi wa mtoto utiishwe mapema. Hata hivyo bibi huyu alikuwa na amri mbili ambazo hazimo katika kisa cha Locke. Mtoto aliyekiri kosa lake na kuahidi kujirekebisha hakupigwa. Na hapana mtoto aliyeadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, wala kukumbushwa kosa hilo baadaye. Huenda ndiyo sababu wanawe walimkumbuka kwa mapenzi. Katika nyumba yake mtoto alijua, kabla ya fimbo kuinuliwa, ni kwa njia gani ataepukana nayo, na alijua kuwa ikiisha imekwisha.

Huko Ufaransa Jean-Jacques Rousseau aliligeuza jambo lote katika kitabu chake cha mwaka 1762. Mtoto akivunja dirisha la chumba chake, alisema, usimpige wala usimkemee. Acha upepo wa baridi uingie usiku na mchana. Akiendelea kuvunja, mtie katika chumba kisicho na dirisha, gizani, wala usijali kilio chake, mpaka aone mwenyewe kwamba inafaa kufanya mapatano, nawe uyakubali pale pale. Neno “la” likiisha kutamkwa na mlezi liwe kama ukuta wa shaba ambao mtoto atausukuma mara tano au sita, kisha asijaribu tena. Yafaa kukumbuka kwamba mtu huyu aliwapeleka watoto wake watano katika nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, wala hakusimama mbele ya kilio cha hata mmoja wao. Lakini aliona jambo ambalo Locke hakuliona, nalo ni kwamba adhabu inaweza kwisha kwa mapatano bila yeyote kushindwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1764, Cesare Beccaria wa Milano, akiandika juu ya wahalifu na wala si watoto, alionyesha kwamba adhabu ndogo iliyo yakini hutia hofu kuliko adhabu kubwa ambayo mtu ana tumaini la kuiponyoka. Kwa Beccaria kutimiza adhabu ni kutimiza kile kilichosemwa, hicho na si zaidi. Kwa Locke kutimiza adhabu ni kumshinda anayeadhibiwa. Mambo haya mawili huitwa kwa neno moja, na madhara makubwa yametoka katika kuyachanganya.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa Eastbourne, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Aliishi huko mwalimu jina lake Thomas Hopley, mwenye shule yake mwenyewe iliyochukua wanafunzi wachache wa watu wenye mali. Hakuwa mtu mkali kwa sifa. Aliandika vijitabu juu ya elimu na afya za watoto, na waliomjua walimwona mtu wa fikira njema. Mwezi wa Oktoba 1859 aliletewa mvulana wa miaka kumi na mitano, Reginald Cancellor, ambaye baba yake alikuwa ofisa wa mahakama. Mvulana alikuwa mzito wa kujifunza, na hesabu nyepesi zilimshinda. Hopley aliamua kwamba mtoto huyu anaweza ila hataki. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata akamwandikia baba barua, akaeleza ukaidi wa mwanawe, akaomba ruhusa ya kumwadhibu vikali hata atii. Baba akajibu kwa kukubali.

Usiku wa tarehe 21 Aprili 1860 mwalimu akamchukua mwanafunzi chumbani, akampiga kwa kamba ya kurukia na kwa mkongojo kwa muda wa saa mbili hivi. Watumishi wa nyumba walisikia vilio, kisha wakasikia kimya. Asubuhi mvulana alikutwa amekufa kitandani, naye amevishwa soksi ndefu na glavu, mwili usionekane. Hopley alisema kwamba huenda ni moyo, akataka maziko yafanywe upesi. Ndugu yake marehemu, aliyekuwa kasisi, hakuridhika. Mwili ukapasuliwa, na madaktari wakaona jinsi nyama ya mapaja na miguu ilivyoharibiwa kwa mapigo. Wakaona na jambo jingine. Ndani ya kichwa cha mtoto mlikuwa na maji yaliyojaa ubongoni, ugonjwa wa tangu zamani. Lile lililoitwa ukaidi lilikuwa maradhi.

Hopley alipojitetea hakukana kwamba alipiga. Alieleza kwamba aliifanya kazi hiyo kwa huzuni, kwamba alilia alipokuwa akipiga, na kwamba alikiweka kichwa cha mvulana kifuani pake akamwombea Mungu amsaidie kutenda mema. Alitoa hoja kutoka kwa Locke, kuwa aliyeanza kuushinda ukaidi hana ruhusa ya kuacha njiani. Watu wengi walisikia maneno hayo kama unafiki. Lakini ni afadhali kuyaamini, kwa kuwa yakiwa ya kweli ndipo yanapotisha. Mtu mwenye hasira huchoka, na hasira ikimtoka mkono nao hushuka. Hopley hakuwa na kitu cha kumchosha. Alingoja ishara moja tu, mtoto ajibu hesabu, na mtoto hakuwa na uwezo wa kuitoa ishara hiyo. Kila pigo lililopita bila jibu lilikuwa kwake ushahidi mpya wa ukaidi, na kwa hiyo sababu ya pigo linalofuata. Kwa njia hiyo mtu aliyejiona mpole aliweza kufanya kwa saa mbili kitu ambacho mkatili angalikiacha kwa nusu saa.

Kesi ilisikilizwa Lewes mwezi wa Julai mbele ya Jaji Mkuu Cockburn. Hopley alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka minne pamoja na kazi ngumu. Katika kuwaongoza wazee wa baraza, Cockburn alitoa kanuni ambayo imeishi kuliko wote waliokuwamo katika kesi ile. Mzazi au mwalimu, alisema, ana haki ya kumpa mtoto adhabu ya mwili iliyo ya kiasi na ya akili, kwa ajili ya kurekebisha ubaya. Lakini adhabu ikitolewa kwa kushibisha hasira, au ikipita kiasi, au ikirefushwa kuliko nguvu za mtoto za kuvumilia, au ikitolewa kwa chombo kisichofaa, huwa ni kinyume cha sheria, na mtoto akifa mpigaji ana hatia. Hukumu hiyo ilizuia mambo mengi. Lakini neno “kiasi” halina tarakimu. Hopley naye, akiulizwa katikati ya usiku ule, bila shaka angalisema kwamba kiasi bado hakijafika.

Tarakimu ilikuwa imekwisha kutajwa zamani, tena mbali na Uingereza. Katika mji wa Qayrawan, Afrika ya Kaskazini, mwanachuoni al-Qabisi aliyefariki mwaka 1012 aliandika kitabu juu ya hali za walimu na wanafunzi. Fimbo iwe moja hata tatu. Ikihitajiwa zaidi ya hapo, mwalimu apate idhini ya mlezi wa mtoto, wala asipite kumi. Asipige uso wala kichwa. Asipige akiwa na hasira. Juu ya hili la mwisho husimuliwa habari ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyeamuru mtu apigwe, kisha akasema aachwe. Alipoulizwa, alijibu kwamba ameona hasira nafsini mwake juu ya mtu yule, naye anachukia kumpiga hali amekasirika. Ni vigumu kupata kisa kilicho mbali zaidi na kile cha mama wa Locke. Khalifa aliacha adhabu aliyoiamuru mwenyewe, mbele za watu, na wasimulizi hawakuona kwamba mamlaka yake yamepungua. Waliisimulia habari hiyo kwa vizazi ili walimu wa watoto waifuate. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alinakili kutoka kwa mwanachuoni mwingine wa Qayrawan kiasi hicho cha fimbo tatu, akaongeza hoja yake: mtoto aliyelelewa kwa ukali hujifunza uwongo na hila, kwa kuogopa mikono iliyonyoshwa juu yake, na tabia hiyo humkalia hata ukubwani; na taifa lililotawaliwa kwa ukali huwa vivyo hivyo.

Haifai kudhani kwamba chuo cha Kurani cha pwani ya Afrika ya Mashariki kilifuata kila neno la maulamaa hao. Bakora ya mwalimu ilijulikana Lamu na Mombasa na Unguja, na wazee wengi waliosoma wakiwa wamekaa mkekani waliikumbuka migongoni. Hata hivyo elimu iliyowaongoza walimu wao ilikuwa na hesabu ndani yake: yako mapigo ambayo mwalimu huyajibia kwa baba wa mtoto, na yako ambayo huyajibia kwa Mungu.

Kanuni ya Cockburn ilifika kwa njia nyingine. Sheria za mapokeo za Uingereza zilitiwa nguvu Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na pamoja nazo ikaja haki ya mwalimu ya kutoa adhabu ya kiasi. Henzerani ikawa chombo cha shule kama ubao na chaki. Baada ya uhuru serikali hazikuiondoa, ziliipa tarakimu. Kanuni za Kenya za mwaka 1972 zilitaka kosa lichunguzwe kwanza, mwanafunzi apigwe mbele ya shahidi na si mbele ya wenziwe, fimbo zisizidi sita, na habari iandikwe. Tanzania Bara ilitoa kanuni zake mwaka 1979. Baadaye, kwa kanuni za 2002, fimbo zilipunguzwa kutoka sita hata nne. Apigaye ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi. Msichana apigwe na mwalimu wa kike, ila asipokuwapo shuleni. Na katika daftari yaandikwe jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya fimbo na jina la aliyepiga. Mwaka ule ule wa 1979 Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza hata wazazi wasiwapige watoto wao nyumbani, na katika katazo lenyewe haikuweka adhabu yoyote kwa mzazi atakayelivunja. Watu waliokuwa wakitafuta namna ya kulea bila fimbo walianza kwa kutunga sheria isiyo na fimbo.

Daftari la adhabu ni chombo kidogo kinachochekesha wanafunzi, lakini lina maana kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mwalimu anayelazimika kuandika “nne” hawezi tena kungoja mtoto alegee. Adhabu imekwisha kabla ya kuanza. Mtoto akilia au asilie, akitubu au asitubu, ya nne ndiyo ya mwisho. Ushindi wa Locke umeondolewa kwa hesabu. Wapinzani wa fimbo walisema kwa haki kwamba fimbo nne bado ni fimbo, na Kenya iliikomesha shuleni mwaka 2001. Lakini hata palipobaki fimbo, tofauti kati ya nne na “mpaka atii” ni tofauti kati ya sheria na vita.

Vita hivyo huweza kupiganwa hata pasipo pigo. Mwezi wa Septemba 1976, katika mji wa Cowdenbeath huko Scotland, mvulana mmoja jina lake Jeffrey Cosans alijaribu kupita njia ya mkato ya makaburini alipokuwa akirudi kwao, nayo ilikuwa imekatazwa na shule. Aliitwa apigwe mshipi wa ngozi mkononi. Akafika kama alivyoitwa, lakini kwa shauri la baba yake akakataa kunyosha mkono. Shule ikamfukuza mpaka atakapokuwa tayari kuipokea adhabu. Wazazi hawakukubali, shule haikukubali. Mwezi wa Januari wakubwa wa elimu walikiri kwamba kule kukaa nyumbani kumekuwa adhabu ya kutosha, lakini walitaka wazazi wazikubali amri zote za shule, na wazazi walitaka ahadi kwamba mwana wao hatapigwa. Mwezi wa Mei 1977 mvulana alitimiza miaka kumi na sita, umri wa kuacha shule, naye hakurudi tena. Kwa ajili ya njia ya makaburini alikosa masomo yake yote yaliyobaki. Tarehe 25 Februari 1982 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki yake ya kusoma ilivunjwa, pamoja na haki ya wazazi ya kuheshimiwa itikadi zao. Miaka minne baadaye Bunge la Uingereza lilipiga kura ya kuondoa fimbo katika shule za serikali. Waliotaka iondolewe walikuwa 231, waliotaka ibaki 230.

Kura moja ilitosha huko. Katika nchi nyingine sheria zimekuwapo bila kutosha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inasema kwamba hapana marekebisho ya mtoto yaliyo halali yakipita kiasi kwa namna yake au kwa ukali wake, kwa kutazama umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Wala si halali yakiwa mtoto hawezi kufahamu maana yake. Mtu aliyesoma kesi ya Eastbourne huisikia humo sauti ya Cockburn, na huona nyuma yake mvulana mwenye maji kichwani. Kanuni ya fimbo nne nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Hata hivyo mwezi wa Agosti 2018, katika shule moja ya msingi ya Bukoba, mwanafunzi aliyetuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu alipigwa, akafa. Daftari, kwa jinsi lilivyoamriwa na kanuni, lina mahali pa kosa na mahali pa idadi. Halina mahali pa kuandika mtoto alisema nini alipoulizwa. Mkoba ulipatikana baadaye, si kwake.